Akiba ya Majani Makavu

Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi nilidhani methali hiyo inawahusu wenye maduka. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, sina duka wala mali ya kuandikiwa daftari, basi nikawaachia wafanyabiashara methali yao. Ilinirudia nikiwa nimekwisha kustaafu, nimesimama katika bonde la marehemu kaka yangu, upande wa milima ya Matogoro, nikibishana na mwanawe juu ya jambo ambalo mtu angedhani halina ubishi: zamani maji yalikuwa yanafika wapi.

Ilikuwa Novemba 2022, mvua hazijaanza. Kijana alikuwa amenunua miche elfu mbili ya mikaratusi. Nguzo zina soko, na ana watoto wanne wanaosoma. Kwa heshima aliyolelewa nayo, alikuja kwangu kwanza.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuarifu kabla sijaanza kuchimba mashimo, maana wewe ndiye mzee wetu uliyebaki."

Tukaenda pamoja. Alinionyesha alipotaka kuanzia mstari wa kwanza wa miche. Nikatazama, nikamwambia, "Hapa ni majini, mwanangu. Hapa palikuwa na kinamasi. Mimi nimezama matope hapa hadi magotini."

Akapiga udongo kwa kisigino cha kiatu. Ulikuwa mgumu, na majani yaliyoota juu yake yalikuwa yale yale yanayoota kando ya barabara. "Sikukatalii, baba mdogo," akasema. "Lakini mimi nina miaka thelathini na minne, na tangu nipate akili pamekuwa hivi. Maji yapo kule chini kwenye chemchemi. Nimepima kwa kamba. Kutoka chemchemi hadi hapa ni mita sitini na tano."

Hakuwa amevunja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Yeye alikuwa ameongeza tano juu yake. Lakini ukingo wa mwaka gani? Kama kinamasi cha ujana wangu kilifika aliposimama, basi mita 60 zilipaswa kuanzia pale, si kule chini. Sheria inataja mita, haitaji mwaka. Kila maji yanaporudi nyuma, kamba nayo hurudi nyuma pamoja nayo, na mwenye kupima hubaki mtu mwaminifu.

Jambo hili lilinikosesha usingizi. Kijana hakuwa mwongo, wala mimi sikuwa mwongo. Kila mmoja alisema alichokiona kwa macho yake, naye akakifanya kuwa ndiyo hali ya asili ya bonde. Nikakumbuka kwamba marehemu baba yangu alinisimulia, nikiwa mtoto, jinsi wao walivyotega migono ya samaki katika bonde hilo hilo. Mimi sikuwahi kuona hata samaki mmoja pale. Nilimcheka kimoyomoyo, nikasema wazee hupenda kuikuza dunia yao. Kumbe nilimfanyia baba yangu kile ambacho mwanangu alinifanyia mimi. Babu aliona mto, mtoto akaona kinamasi, mjukuu akaona nchi kavu, na kila mmoja akasema, "Tangu zamani pamekuwa hivi." Hasara ikigawanywa kwa vizazi vitatu, hakuna anayeiona yote, wala hakuna wa kuililia.

Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku langu la bati. Nilikuwa na tumaini. Mwaka 1984 au 1985 nilikuwa nikifundisha elimu ya viumbe, na nilikuwa na desturi ya kuwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda porini kukusanya mimea. Tuliikausha katikati ya magazeti, tukaibana kwa mbao na mawe, kisha tukaibandika juu ya karatasi ngumu. Mara moja niliwapeleka katika bonde la nyumbani kwetu, na nilikumbuka vizuri tulichokiona: kimmea kidogo chenye ua juu ya kijiti chembamba, ambacho huota mahali palipojaa maji tu, na chini yake kina vifuko vidogo sana vya kunasa vijidudu. Wataalamu wanauita Utricularia. Wanafunzi walishangilia kusikia kwamba kuna mmea unaokula wanyama.

Na kweli, chini kabisa ya sanduku, nikaukuta. Mchwa walikuwa wamekula pembe moja ya karatasi, lakini mmea ulikuwa mzima, umekuwa wa kahawia kama chai. Ulikuwa bado umelazwa juu ya ukurasa wa gazeti la Uhuru la mwaka 1984. Nikafurahi kama mtu aliyepata hati ya shamba iliyopotea. Nikageuza karatasi kutafuta maandishi. Kulikuwa na neno moja, Utricularia, kwa mwandiko wa mwanafunzi. Chini yake, kwa wino mwekundu na kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika: 17/20.

Hapakuwa na jina la mahali wala tarehe. Hapakuandikwa kama ulikuwa majini au kando ya maji. Mwanafunzi hakuandika, nami nilimpa alama kumi na saba kwa unadhifu wa kubandika.

Nilimwonyesha kijana. Akaushika kwa uangalifu, akautazama sana, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko ukali: "Baba mdogo, huu ungeweza kutoka popote." Nikamwonyesha gazeti. Akajibu kwamba hata kwake yapo magazeti ya miaka kumi iliyopita, anafungia misumari. Alisema kweli. Gazeti lilieleza siku lilipochapwa. Halikueleza siku mmea ulipong'olewa, wala ulipong'olewa. Shahidi wangu alikuwepo, lakini nilikuwa nimemkata ulimi miaka arobaini iliyopita.

Ndugu msomaji, huenda unauliza mmea mmoja mkavu una thamani gani hata mzee mzima akose usingizi. Niruhusu nieleze nilichojifunza baadaye, maana aibu ni mwalimu mkali.

Zipo nyumba duniani ambazo kazi yake ni kuhifadhi mimea iliyokaushwa. Huitwa hebaria. Tanzania tunayo Hebaria ya Taifa mjini Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake. Nairobi iko Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo mizizi yake iko kwetu, Amani katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902; makusanyo yalihamishiwa Nairobi karibu na mwaka 1950. Iliyo mashuhuri kuliko zote hizi ni ile ya bustani ya Kew, London, yenye vielelezo vipatavyo milioni saba.

Na Songea imo humo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1955 hadi katikati ya 1956, mimi nikiwa mtoto wa miaka mitatu, wataalamu wawili wa Kew, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, walikuja wilaya ya Songea wakakaa msimu mzima wa mvua. Walizunguka pembeni mwa mji, wakapanda Matogoro, wakaenda hadi milima ya Umatengo, wakakusanya maelfu ya vielelezo. Walikuwa wakisaidia kazi kubwa ya kuandika kitabu cha mimea yote ya Afrika Mashariki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa imeeleza aina zipatazo elfu kumi na mbili. Huyu Taylor ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa ule ule mmea wangu wa vifuko. Mwaka 1989 alitoa kitabu kilichoeleza aina zake zote zilizojulikana duniani, zaidi ya 200.

Kilichonigusa si wingi wa mimea yao, ni kile kijikaratasi kinachobandikwa kwenye kona ya kila kielelezo: jina la mkusanyaji, namba, tarehe, mahali, kimo kutoka usawa wa bahari, na hali ya pale mmea ulipoota, kama ni mwambani, kinamasini au katika msitu wa miombo. Bila kijikaratasi hicho mmea ni nyasi. Ukiwa nacho, ni mtu aliyesimama mahakamani akasema: siku fulani, mahali fulani, mimi nilikuwepo.

Ajabu ni kwamba walioandika hawakujua watakuja kuulizwa nini. Mwaka 1987 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Ian Woodward, alichukua majani makavu ya aina nane za miti na vichaka yaliyokusanywa kwa muda wa miaka mia mbili, akayatazama kwa hadubini. Alihesabu vile vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia. Akaona vimepungua kwa asilimia 40, kadiri hewa ukaa ilivyoongezeka angani tangu kuanza kwa viwanda. Mtu aliyekata tawi mwaka 1790 hakujua habari za hewa ukaa wala za magari. Alitaka tu kujua jina la mti. Kwa kuwa aliandika tarehe, jani lake liliweza kujibu swali ambalo halikuwa limezaliwa.

Vivyo hivyo huko Boston, Marekani. Mwaka 2004 Richard Primack na wenzake walilinganisha vielelezo vya zamani vilivyokaushwa vikiwa na maua na miti ile ile katika bustani moja. Wakaona kwamba kati ya mwaka 1980 na 2002 miti ilichanua siku nane hivi mapema kuliko ilivyochanua kati ya 1900 na 1920. Hakuna mkulima ambaye angeliona badiliko la siku nane katika maisha yake. Kumbukumbu yetu husogea pamoja na majira. Jani mkavu halisogei.

Hapa ndipo swali langu linapokuwa la maadili. Je, tuna deni kwa watu ambao hatujui watatuuliza nini? Ni rahisi kukubali kwamba tuwaachie wajukuu maji na ardhi. Je, tunawajibika pia kuwaachia ukweli kuhusu maji na ardhi hiyo ilivyokuwa? Zamani ningejibu kwamba huo ni ukarimu, mtu akitaka atoe, asipotaka asitoe. Leo naona ni deni. Atakayekuta nchi kavu bila kujua kwamba palikuwa na maji amepokonywa mara mbili: kwanza maji, kisha haki ya kuuliza yalikwenda wapi. Aliyenyimwa maji anaweza kudai. Aliyenyimwa habari hana hata pa kuanzia.

Lakini nisiwatukuze mno watu wa karatasi. Shahidi huyu ana mipaka yake, na mwenye haki lazima aitaje. Kielelezo husema tu, "nilikuwepo". Kukosekana kwake hakusemi, "sikuwepo". Wakusanyaji walifuata barabara na madaraja, walipendezwa na maua kuliko majani, na wale wawili wa Kew waliishi nasi msimu mmoja wa mvua, basi. Bonde ambalo hawakupita halina ushahidi. Pia karatasi huungua. Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, ambamo mimea mingi ya kwetu ilikuwa imewekwa tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Kilichopona, pamoja na vichache vilivyookolewa, ni kile ambacho nakala zake zilikwisha kupelekwa kwingine.

Na kuna jambo zito zaidi kwa mtu wa Songea. Kwa nini ukweli wa nchi yetu ukae ughaibuni? Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka pale makumbusho mashujaa wa Majimaji walionyongwa katika mji huu mwaka 1906. Wazee wetu hawajaacha kuuliza kilipo kichwa cha Nkosi Songea Mbano, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa, na akaahidi kusaidia kukitafuta. Nilipokuwa nikisikiliza habari hizo nilijiuliza kama nina haki ya kuwasifu watu waliobeba mimea yetu, ilhali wengine walibeba hata mifupa yetu.

Nimefikiri sana, na jibu langu ni hili. Kichwa cha mtu si kielelezo. Aliyekichukua alimpokonya marehemu heshima na kuinyima familia kaburi. Hicho kinapaswa kurudi, hapana mjadala. Mmea wa kinamasini una aina yake iliyobaki kinamasini, na mkusanyaji mwema huchukua nakala kadhaa na kuzigawa. Wale wa 1956 walipeleka nakala Nairobi pia. Siku hizi picha za vielelezo vingi hutazamwa kwa intaneti, na mtoto wa Songea mwenye simu anaweza kusoma kijikaratasi kilichoandikwa kabla wazazi wake hawajazaliwa. Hilo ni jema, ingawa halitoshi. Ukinionyesha picha ya ghala langu hujanirudishia ghala. Hata hivyo nikiwa mkweli, lawama yangu haiwezi kuishia London. Wageni walikaa miezi sita wakaandika. Mimi nilikaa miaka thelathini na chaki mkononi, na bonde likiwa la baba yangu, nikaandika 17/20.

Sasa nirudi kwa kijana. Nilimweleza yote haya. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Baba mdogo, tuseme karatasi ile ingekuwa na tarehe na jina la bonde. Je, watoto wangu wangelipiwa ada na majani makavu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina la kumaliza ubishi. Nadhani tunakosea tunapodhani kwamba ushahidi ndio uamuzi. Kama ningekuwa na karatasi kamili, bado kijana angekuwa na watoto wanne na miche elfu mbili. Ushahidi usingemlipia ada wala usingemfunga mikono. Ungefanya jambo moja tu: ungetunyima sote wawili kisingizio. Angepanda akijua anapanda juu ya maji yaliyokufa, au angeacha akijua anachokilinda. Mtu huwajibika pale tu anapojua, na ndiyo maana wengi wetu hatupendi kuandika tarehe.

Alipanda. Lakini siku ya kupanda aliusogeza mstari wa kwanza nyuma, hatua thelathini hivi, bila kuniambia sababu, nami sikumwuliza. Hatua hizo thelathini hazikutolewa na sheria wala na sayansi. Alizitoa kwa sababu mzee wake alisema, na hakuwa na hakika kwamba mzee ni mwongo. Nilishukuru, nikaona aibu pia, kwa kuwa mtoto asingepaswa kupata hasara kwa ajili ya neno ambalo ningeweza kulithibitisha.

Tangu hapo kila msimu, mvua zikishatulia, nakwenda bondeni na binti yake mkubwa, mjukuu wangu wa kidato cha pili. Tunaanzia chemchemi na kupanda juu, tunachukua mmea mmoja mmoja, pale tu unapokuwa mwingi. Tunaukausha kwa magazeti na mbao mbili za kitanda cha zamani. Kila mmea tunaufanyia nakala mbili, moja ya nyumbani, moja tunayokusudia kuwapelekea wataalamu Arusha. Huenda wataikataa, huenda mwandiko wetu utawachekesha. Akiba haiozi.

Juzi aliniuliza kwa nini tunahangaika na magugu ambayo kila mtu anayajua. Nikamwambia kwamba hata ule mmea wa vifuko, mwaka ule, ulikuwa gugu lililotujaa miguuni. Akanyamaza, akachukua kalamu. Aliandika jina lake na langu, tarehe, jina la bonde, na chini yake akaongeza maneno ambayo sikumfundisha: "Udongo mkavu. Hatua 92 kutoka kwenye maji."

Sikumpa alama. Nilimwambia aandike tena kwenye nakala ya pili.